Eda ya Silima Kinyozi

Makangale watu wamesikia mengi, lakini mwanamme kukaa eda, kama mjane aliyefiwa na mume, walikuwa hawajasikia. Na si mwanamme yeyote, ni Silima kinyozi, mtu ambaye ukimfungia ndani kutwa moja anaweza kuanza kuzungumza na makopo.

Silima alikuwa na kibanda chake cha kunyoa Konde, hatua chache kutoka pale wanapopakia gari za Wete. Mkasi aliujua, hilo halina ubishi, ila tusidanganyane, watu hawakumfuata kwa mkasi. Walimfuata kwa soga. Na kabla ya soga kulikuwa na mkono. Mkono wa Silima haukuwa wa kugusa na kuachia. Alikushika akakushikilia, akakuuliza mama, watoto, muhogo, ng'ombe, na yule shemeji yako aliyeanguka mkarafuuni, na muda wote huo mkono wako bado uko kwake kama kitu cha rehani. Msikitini alikuwa wa mwisho kutoka kwa sababu ya kupeana mikono, na mazikoni vilevile. Mkewe, Bi Moza, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kuwa yeye ameolewa na mkono, mume mwenyewe hajamwona. Bi Moza alikufa miaka sita kabla ya mambo haya, akamwachia Silima mtoto mmoja tu wa kike, Mwatum.

Basi Silima akaugua. Alianza kwa kuchoka, akawa akinyoa kichwa kimoja anakaa kitako kupumzika. Fizi zikawa zinatoka damu. Miguuni zikaota alama nyeusi kama amepigwa, na hakuna aliyempiga. Wako waliosema kijicho, wako waliosema mchafuko wa damu, akanywa kombe la aya zilizooshwa, akanywa na mizizi, na alama zikazidi. Alipopimwa Chake Chake akapelekwa Unguja, na Unguja ndiko alikoambiwa kuwa ana kansa ya damu.

Alitiwa dawa, akapata nafuu, maradhi yakarudi. Mwisho madaktari wakamwambia lililobaki ni moja, nalo linafanyika India. Ndani ya mifupa ya mtu mna uboho, na ndani ya uboho mna mbegu za damu. Za Silima zimeharibika zote. Zitauliwa kwa dawa kali mpaka isibaki hata moja, halafu zitapandwa mbegu nyengine, za ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja, kama atapatikana ambaye zake zinalingana. Silima alikuwa na ndugu wanne wa namna hiyo. Wanaume watatu walipimwa, wakakosa wote. Aliyelingana alikuwa Mwanamize.

Sasa huyu Mwanamize ni dada yake mkubwa, mwoka mikate ya mofa, mwenye mdomo unaojulikana mpaka Wete. Yeye na Silima tangu wadogo hawajapata kukubaliana juu ya jambo lolote, hata kama kunanyesha au hakunyeshi. Majibu yalipotoka alisema hashangai hata kidogo, kwani Silima tangu utotoni kila alichokuwa nacho yeye alikitaka.

Wakaenda. Mwanamize alichomwa sindano siku kadhaa ili mbegu zake zitoke mifupani ziingie damuni, halafu akakalishwa kwenye mashine. Damu ilitoka mkono huu, mashine ikachagua inachokitaka, nyengine ikarudi mkono wa pili. Alikaa pale tangu asubuhi hadi adhuhuri akilalamikia wali wa hospitali, kwamba umepikwa na mtu ambaye hana aliyemfundisha.

Silima kwa upande wake alijiandaa kupasuliwa. Alishatia nia, akasoma dua zake, akaagana na mifupa yake mmoja mmoja. Akaja muuguzi na kifuko kidogo cha maji mekundu, kama juisi ya tikiti, akakitundika juu, kikaanza kudondoka tone baada ya tone kwenye mpira ulioingia kifuani. Silima akangoja. Kifuko kilipokaribia kwisha akamwuliza mkalimani operesheni itakuwa saa ngapi. Akaambiwa ndiyo hiyo. Akasema kwa huzuni kabisa, hiki tu? Mwanamize, aliyesimama upande wa pili wa kioo amefunikwa mdomo na pua, akamwambia kwa simu kuwa hicho tu ndicho chake, na kama hakitaki akirudishe.

Walicheka siku ile. Wiki iliyofuata hakukuwa na wa kucheka. Kinywa cha Silima kilichubuka chote, hata mate yakawa hayamezeki. Homa ilipanda ikashuka ikapanda. Nywele alishanyonyoka zote, na ndevu, na nyusi, kinyozi akawa laini kama yai. Aliowaona walikuwa macho matupu juu ya vitambaa, na walipomgusa walimgusa kwa mipira ya mikononi. Damu ya zamani imekufa, mpya haijaota, na yeye yuko katikati. Aliogopa Silima, aliogopa vibaya sana, ila mbele ya dada yake alijifanya amelala.

Ilikuwa katika siku hizo, alasiri moja, alipopiga simu nyumbani akatoa amri. Harusi ya Mwatum na Himid iwe Mfungo Saba, mwezi wa saba baada ya Ramadhani, isivuke. Himid alikuwa fundi wa pikipiki pale Konde, kijana mtulivu, posa yake imekubaliwa tangu mwaka jana, na kila mtu alidhani ndoa itangoja mzee apone. Silima hakusema sababu. Nyumbani wakafurahi, wakasema mtu anayepanga harusi ndiye anayepata nafuu.

Na kweli mbegu zilishika. Daktari alikuja na karatasi akitabasamu mpaka machoni, akasema damu mpya imeanza kuota. Silima akawekwa tena India muda mrefu akichungwa, halafu akaruhusiwa kurudi, kwa masharti. Damu ile ni changa kama ya mtoto mchanga, haijui kupigana na chochote. Asikae penye watu wengi, asipeane mikono, asile kilicholala wala kibichi, asivute moshi, hata wa udi. Mafua ambayo wewe na mimi tunayafuta kwa ncha ya kanga, yeye yangeweza kumuua. Miezi minne hivi, kisha wataona.

Haya, sharti hilo mpelekee mtu wa Makangale. Kumzuru mgonjwa ni dini, na huyu si mgonjwa tu, ni Silima, katoka India yu hai. Siku aliyofika, gari nzima ilijaa Konde watu wa kuja kumwona, na wa kijijini walishatanda uani tangu asubuhi. Mwanamize alisimama mlangoni amekingama kama komeo. Aliwaeleza yote, kinga ya mwili, vijidudu, ndugu zangu mtatusamehe. Watu wakamsikiliza kwa adabu, wakatikisa vichwa, wakamwambia pole, halafu wakaanza kuvua viatu waingie.

Akaeleza upya. Mzee mmoja akamjibu kuwa wao hawakuja na vijidudu, wamekuja na dua. Nyuma akasikika mtu akisema kwa sauti ya chini, ya kutaka isikike, kwamba India imewatia watu kiburi. Mwanamize, ambaye hajalala safari nzima, alimwona mwenye maneno, na akamwona mwengine keshatia mguu kizingitini.

"Silima yumo edani," akasema.

Mtu wa mguu kizingitini akauliza amefiwa na nani, maana Bi Moza ana miaka sita kaburini, eda gani hii iliyochelewa kiasi hiki?

"Amefiwa na damu yake," akasema Mwanamize. "Yote. Imekufa India, na tumeizika huko huko. Anakaa eda ya damu yake, miezi minne na siku kumi. Anayetaka kumwingilia mtu edani, njia hii, apite."

Mguu ukarudi. Viatu vikavaliwa kimya kimya. Vijidudu mtu wa Makangale hajapata kukutana navyo njiani, lakini eda anaijua, bibi yake alikaa, mama yake alikaa, na hakuna mtu na akili zake anayefanya mchezo na eda. Wakasalimu kutoka uani, wakaondoka, na ile gari ya Konde ikarudi na watu wake vilevile ilivyokuja.

Ijumaa iliyofuata Shehe Nassor akaulizwa msikitini, jee, hii iko? Shehe alicheka kwanza mpaka akafuta macho. Halafu akasema eda haina mwanamme, na asije mtu akasikika anasema Shehe Nassor ametoa fatuwa. Lakini kukaa nyumbani kwake mtu hakujakatazwa na kitabu chochote, na kuilinda roho ni faradhi, kwa hiyo atakayekwenda kumtoa Silima edani atakuja kujibu kwake yeye Shehe. Jambo likawa limekwisha.

Silima akakaa eda yake. Wanaume walimwamkia kutoka njiani kwa kupiga kelele, naye akawajibu dirishani kwa kelele, mpaka wiki ya kwanza haijaisha sauti imekauka. Vijana wa Konde walikuja kumwonesha vichwa vyao, namna walivyoharibiwa na yule aliyeachiwa kibanda, wakasimama uani wanageuka huku na huku, naye akiwa nyuma ya nondo anawaelekeza kilichokosewa. Wanawake walimletea nasaha. Asitie wanja. Asijifukize. Magharibi asikae dirishani. Siku moja ikavuja habari kwamba damu ya Silima imebadilika hata aina, sasa ni ile ile ya dada yake, na hilo kwa kweli lilikuwa sawa, madaktari walikwisha kusema. Bi Kijakazi wa nyumba ya pili akapiga hesabu, akatangaza kuwa shaka imeondoka: damu ni ya kike, basi eda ni halali. Silima aliposikia alicheka peke yake hadi akakohoa, na kile kikohozi kikamleta Mwanamize mbio na kipima joto.

Maana Mwanamize alikuwa hana masihara. Chakula alikipika mwenyewe, kikaliwa cha moto, vijiko akavichemsha kama anayetaka kuvila. Hakuna udi, hakuna ubani, hakuna kuku wa kupita ukumbini. Mwatum alimsalimia baba yake akiwa kizingitini, amejifunika mdomo na pua, anasimama kidogo, anasema maneno mawili, anaondoka. Alikuwa hajaugusa mkono wa baba yake tangu siku ya safari. Silima kila akimwona pale mlangoni mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa, akaiweka chini ya mapaja.

Mfungo Saba ikakaribia. Himid alileta ujumbe kwamba yeye angoja, hana haraka, na Mwatum akasema hivyo hivyo. Silima akakataa. Shehe Nassor akaja chini ya dirisha kutengeneza mambo. Akasema Bwana Silima anaweza kumpa yeye uwakili, akaozesha msikitini. Au, akitaka kuozesha mwenyewe, watu wakae uani, naye aseme maneno akiwa dirishani. Ule mkono ambao walii anayeozesha na bwana harusi hushikana ni ada tu, si nguzo, ndoa inatimia kwa maneno.

Silima akamshukuru, akachagua dirisha, na juu ya mkono akanyamaza. Shehe alipokwisha kuondoka ndipo alipomwambia dada yake kwamba atamwoza Mwatum kwa mkono wake, kama baba yake alivyomwoza Mwanamize, na mambo ya nguzo na si nguzo wamwachie.

Mwanamize alianza taratibu. Akamwambia eda ikiisha Rajab, miezi mitatu tu mbele, mtu atashika mikono mpaka achoke, basi harusi ingoje Rajab. Silima akasema hapana. Akamwuliza hapana ya nini, Himid anahama? Mwatum ana mimba? Kuna nini Mfungo Saba kisichokuwepo Rajab?

"Mimi," akasema Silima. "Kama Rajab sipo, nani atamwoza mwanangu?"

Mwanamize akamtazama.

"Nilidhani unamwoza mtoto," akasema. "Kumbe unatuaga."

Akatoka akaenda jikoni, na siku nzima hakusikika kugomba na mtu. Silima alibaki kitandani anasikia moto unalia na dada yake halii wala hasemi, na hilo lilimtisha kuliko matusi. Hata hivyo jioni alimpigia Himid kwa siri. Akamwambia siku ikifika asisikilize la mtu, aupitishe mkono dirishani, yeye ataushika.

Siku ikafika. Baada ya alasiri wanaume walikaa uani juu ya mikeka, mbali na dirisha kwa kipimo alichokiweka Mwanamize, wengine wamejifunika pua kwa vilemba. Kahawa ilikuwepo, halua ilikuwepo, udi haukuwepo, na Bi Kijakazi alisema hajaona harusi isiyonuka kitu tangu azaliwe. Himid aliletwa na kanzu yake nyeupe. Mwanamize alimpeleka kwenye ndoo, akamkosha kwa sabuni hadi viwikoni, akamwambia mkono wake ubakie mapajani. Himid akasema ndiyo, shangazi, akitazama chini, kwa sababu ni kijana asiyejua kudanganya.

Dirisha likafunguliwa. Silima alikuwa amekaa nyuma ya nondo, kanzu inamning'inia, kofia imeshuka mpaka masikioni kwa kukosa nywele za kuizuia. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, mlango umeachwa wazi kidogo. Shehe akasoma hotuba, akainyoosha vizuri, halafu akamwashiria walii aseme.

Mkono wa Himid ukapita baina ya nondo.

Ulikuwa mkono wa fundi, umesuguliwa hadi ukawa mwekundu, bado una oili chini ya kucha. Silima aliutazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani. Mkono wake yeye ukaondoka pajani wenyewe, ukapanda, ukafika karibu kiasi cha kuhisi joto la ule mwengine. Akasubiri kelele ya Mwanamize.

Kelele haikuja. Akageuza macho. Dada yake alikuwa amesimama pembeni mwa dirisha, ndani, hatua moja tu kutoka alipo, angeweza kuupiga ule mkono akitaka. Hakuupiga. Kwenye milango yote amekingama miezi hii, huu wa dirishani ameuacha wazi. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono ameiangusha, na machozi yanamtiririka bila kuyafuta, anamtazama ndugu yake kama anavyotazamwa mtu aliyekwisha kupanda chombo. Silima hajapata kumwona Mwanamize akilia. Hata mama yao alipokufa hakumwona.

Mkono wake ukabaki hewani. Akaona kuwa akiushika ule, atakuwa kweli amekwisha kuondoka, iwe mafua yamempata au hayakumpata.

"Rudisha mkono wako, mwanangu," akamwambia Himid.

Himid hakufahamu, akabaki vilevile.

"Urudishe. Leo nakupa maneno tu. Mkono nitakuja kukupa kwako, mlangoni, kwa miguu yangu, mwezi wa Rajab."

Himid akautoa taratibu, akauweka pajani. Silima akafunga mikono yake miwili nyuma, akamwozesha binti yake Mwatum kwa mahari waliyoagana. Himid akakubali. Shehe Nassor akasema nguzo zote zimetimia, na ua mzima ukaitikia dua.

Mwanamize alifuta uso kwa ncha ya kanga. Akasema kwamba huyo ndiye mtu ambaye yeye alimpa mbegu zake, yule aliyekuwa akiwaaga alikuwa hamjui. Halafu akawageukia wanaume waliokwisha kusogea na mikeka yao, akawarudisha nyuma mmoja mmoja.

Silima alipogeuka, Mwatum alikuwa amesimama kizingitini na mapambo yake yote, kitambaa kimefunika nusu ya uso uliopambwa asubuhi nzima, wanja umeshachuruzika. Yeye hakuna aliyemwambia sababu ya ile haraka ya Mfungo Saba. Aliijua tangu ile simu ya India, akaificha peke yake, akacheka na wanaocheka.

"Baba," akasema, "utakuja kweli?"

Silima akamwambia atakuja. Na alipolisema akajisikia, kwa mara ya kwanza tangu India, kuwa hamdanganyi mtoto.